Mlango kwenye uzio

Juzi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya vichwa vya malori nje ya yadi ya reli ya Willow Springs, kusini-magharibi mwa Chicago. Baridi ilikuwa imekaza mpaka kioo kinashika barafu kwa ndani. Treni ya kutoka California ndiyo kwanza ilikuwa imesimama. Kreni ikapitisha mikono yake chini ya tela la futi 28, ikalinyanyua kutoka kwenye behewa, ikaliweka chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Kijana mmoja akarudisha kichwa kinyumenyume, akaunga mipira ya upepo, akazunguka na tochi kusoma namba ya lakiri mlangoni, akapiga tairi teke mbili, akaondoka. Hakuingia barabara kuu. Alipita kwenye mlango wa uzio, na ng'ambo ya uzio huo ndiko liliko jengo la kampuni ya vifurushi ya UPS la Hodgkins, wanakochambulia vifurushi. Dakika ishirini hazikuisha.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi mno kulistaajabia. Juzi lilinichoma kwa sababu simu mfukoni ilikuwa na ujumbe wa dada yangu. Alikuwa amempelekea shangazi yetu wa Tandika madumu mawili ya asali kutoka Tabora, kwa basi. Mnajua inavyokwenda: unamkabidhi kondakta, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unapiga picha namba ya basi, unamwachia Mungu. Basi lililotakiwa kufika saa nne usiku likaingia Dar saa nane usiku. Mpwa wangu alilala kwenye benchi stendi, mkoba kifuani. Buti lilipofunguliwa, dumu moja lilikuwa limepasuka chini ya magunia ya mchele, asali imeloanisha mizigo ya watu sita, wote wakamgeukia mtoto wa watu. Kondakta akasema aliyepakia alishukia Singida.

Najua yuko atakayesema: "Umeenda Marekani miaka tisa, sasa kila kitu cha kwetu kinakunukia vibaya." Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa karani wa vifurushi stesheni ya Tabora, pale reli inapogawanyika, mkono mmoja Kigoma, mwingine Mwanza. Nimekua nikichezea mizani yake, ile ya sahani kubwa ya chuma, na mikono yangu ilijaa gundi ya lebo. Asali ya Tabora ilikwenda Dar kwa treni. Baba alikuwa na sentensi moja aliyomwambia kila mtu, awe mkubwa au mdogo: "Lete kabla ya saa kumi, ikipita saa kumi ni treni nyingine." Watu walimwona mkali, lakini nao walikuja kabla ya saa kumi. Kwa hiyo ninaposema habari za reli na vifurushi, nasema habari za nyumbani kwetu.

Lililonikaa kichwani ni ule mlango. Hodgkins na Willow Springs havikukutana kwa bahati. Katika miaka ya tisini, kampuni ya reli ya Santa Fe, ambayo mwaka 1995 iliungana na Burlington Northern ikawa BNSF, ilikubaliana na UPS yadi na jengo la kuchambulia vijengwe uzio kwa uzio. Mwenye vifurushi ana ahadi kwa mnunuzi: kitu chako kitafika siku fulani. Makaa ya mawe yakichelewa siku mbili hakuna anayepiga simu usiku, lakini kifurushi kikichelewa anapiga. Basi reli ikakubali kuendeshwa na saa ya mtu mwingine. Treni za namna hiyo BNSF huzipa jina linaloanza na herufi Z, na treni nyingine husogea pembeni kuzipisha. Kutoka hapa hadi Los Angeles ni kiasi cha kilomita 3,500, na mzigo unafika kabla ya siku tatu kuisha.

Sasa tazama kwetu. Dar es Salaam, stesheni ya SGR, ile reli mpya, iko katikati ya mji, stendi kuu iko Mbezi Luis. Morogoro, SGR Kihonda, mabasi Msamvu. Dodoma, treni inakushusha Mkonze, mabasi yako Nanenane, upande mwingine wa mji kabisa. Vukeni mpaka Kenya: Mombasa mnapandia Miritini, Nairobi mnashukia Syokimau, na kila anayesafiri anajua bei ya kutoka hapo hadi mjini. Vifurushi vya nchi hizi vinasafiri kwa basi, na kila mahali tumejenga reli mpya mbali na basi. Hakuna aliyechora mlango kwenye uzio.

"Wao wana hela." Hili nalisikia hata kabla halijasemwa, na linanikera kuliko yote, kwa sababu hesabu inakwenda kinyume chake. Kila kontena linaponyanyuliwa ni gharama. Kila kilomita ya lori kati ya stesheni na ghala inaila faida ya treni. Mwenye safari ya kilomita 3,500 anaweza kuzifidia gharama hizo njiani. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 460, Mombasa hadi Nairobi kama 480. Sisi wenye safari fupi ndio hatuna pa kuificha kilomita hata moja iliyopotea mjini. Tajiri anaweza kuweka stesheni mbali na mzigo akavumilia. Maskini hawezi.

Wala sisemi Marekani wamemaliza. Chicago hii hii, kontena likitoka reli ya magharibi kwenda reli ya mashariki, mara nyingi linashushwa, linapakiwa lori, linakatiza mji mzima kwenye foleni hadi yadi ya kampuni nyingine. Nimelivuta kontena hilo mwenyewe, saa mbili nzima kwa safari ambayo treni ingeimaliza kabla sijapata kikombe cha kahawa. Treni ya abiria ya kutoka hapa kwenda Los Angeles ni moja kwa siku, na inavutwa kwa dizeli. Mwaka jana nilipokuja likizo nikapanda SGR ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, nililia, nasema kweli. Nilikaa dirishani, Ruvu ikapita, Morogoro ikapita, milima ile, kimya ndani ya behewa, nikasema baba angeliona hili. Wenzangu kazini hapa nimewaonyesha video zake na wameniuliza kama ni Ulaya. Nimewaambia ni Tanzania, nikawaonyesha na TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyokamilika 1975 wakati tulikuwa nchi changa kabisa.

Ndiyo maana nakasirika. Asiye na kitu humlaumu nani? Sisi tunacho. Mwaka 2025 Rais Samia alizindua bandari kavu ya Kwala, treni za mizigo za SGR zikaanza. Reli ya kufika Tabora inajengwa. Sasa hivi, kabla saruji haijakauka, ndiyo wakati wa kumwita mwenye mabasi na mwenye vifurushi tukamuuliza: mlango wako tuuweke wapi?

Utaniambia wenye malori na mabasi hawatakubali, reli inawanyang'anya tonge. Mombasa tuliliona hilo mwaka 2019, amri ilipotoka kwamba makontena yote yapande SGR, watu wakaingia barabarani. Na walikuwa na haki. Unamlazimishaje mtu kwa amri? Hapa vita hiyo ilikuwepo miaka mingi, malori na reli hawasalimiani. Mwaka 1989 J.B. Hunt, mwenye malori kwelikweli, akakubaliana na Michael Haverty, mkuu wa reli ya Santa Fe: matela yake yapande treni safari ndefu, madereva wake wafanye ncha mbili za safari, ya kuchukua na ya kufikisha. Dereva akawa analala kwake. Mimi mwenyewe nakula kwa mkate huo leo. Navuta tela kilomita thelathini, arobaini, jioni niko na watoto wangu. Utingo wa Tabora hadi Dar anaweza akapata maisha hayo pia, akipokea kontena stesheni badala ya kukesha barabarani.

"Basi rudi uje ujenge wewe." Nitarudi, inshallah, lakini kujibu hivyo ni kunyamazisha watu tu. Mpwa wangu yuko hapo hapo, hajaenda popote, na amelala kwenye benchi akilinda asali. Nani amemuuliza yeye?

Ninachokitaka kinatosha kwenye karatasi moja. Stesheni ya Tabora ya SGR, upande wa mizigo, iwe na kiwanja cha wenye vifurushi, uzio kwa uzio na reli. Mlango mmoja unaopita kichwa na tela. Mizani. Kontena la vifurushi lenye nafasi yake kwenye treni kila siku, hata likiwa nusu tupu miezi ya mwanzo. Na ubao wenye saa ya mwisho ya kupokea, imeandikwa kwa rangi, isiyobadilika kwa simu ya mkubwa yeyote.

Dada ameniandikia tena leo asubuhi. Atatuma dumu jingine Ijumaa, kwa basi lile lile, na mpwa wangu ameshaulizia ruhusa kazini ya Jumamosi.