Boga ni mboga kabla halijawa boga

Masika yakishika huku Uru, juu ya Moshi, mbegu ya boga huchomoza ndani ya wiki moja hivi. Ukiamka ukakuta yale majani mawili ya kwanza yametobolewa matundu, umetembelewa na mbawakavu wa maboga, mdudu mdogo wa rangi ya machungwa, hodari wa kuruka. Mche ukiporwa majani hayo mara nyingi hufa.

Wengi hapo ndipo wanapokimbilia duka la pembejeo. Mimi napinga, na sababu yangu iko jikoni. Leo unapiga dawa, keshokutwa mtu anachuma majani yale yale ya kupika, watoto wanakula. Lebo ya chupa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini nani anazihesabu kwenye kihamba, shamba letu la kuzunguka nyumba, ambako mboga huchumwa kila jioni?

Mdudu huyu anawezekana kwa mikono. Alfajiri, baridi ya mlima ikiwa bado, anakuwa mzito. Pita na kopo la maji ya sabuni, mkung'utie humo. Kisha nyunyizia majivu yaliyochekechwa, umande ukiwa haujakauka ili yashike. Kidogo tu, yakizidi yanaunguza jani. Mvua ikiyaosha, rudia. Kazi ipo, sikatai, lakini ni ya wiki mbili tatu. Mche ukishaanza kutambaa unastahimili.

Mwenye uwezo afunike miche kwa neti ya kitalu, kingo azifukie udongoni. Asitumie chandarua cha mbu, maana vingi vimetiwa dawa. Tena asifunike pale palipokuwa na maboga msimu uliopita: funza wa mbawakavu hukulia ardhini wakila mizizi, kwa hiyo atakuwa amewafungia ndani pamoja na miche.

Ua la kwanza likionekana, neti itoke. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limesinyaa, na nyuki wanafanya kazi yote ya uchavushaji katika saa hizo chache. Jirani yangu mmoja alipiga dawa asubuhi, shamba likiwa limechanua. Nyuki hawakuonekana tena siku kadhaa, na maboga yakadondoka yakiwa na ukubwa wa limau. Yeye mpaka leo anaamini aliuziwa mbegu mbovu, nami nimemwomba msimu ujao tuamke pamoja, kila mtu na kopo lake.