Ofisi Isiyo na Mahali pa Kupiga Hodi

Tangu mpango wa Silicon Zanzibar ulipozinduliwa mwaka 2022 ili kuvutia kampuni za teknolojia, hasa katika mji mpya wa Fumba, mazungumzo mengi yamehusu vibali, kodi na intaneti. Mahali anapoketi mhandisi wa programu siku nzima pamezungumzwa kidogo.

Wanaotetea ofisi ya ukumbi mmoja usio na kuta, ambamo wote huketi pamoja, wana hoja nzito. Kijana aliyemaliza chuo karibuni hujifunza upesi akiketi ubavuni mwa aliyemtangulia: hugeuza skrini, huonesha kosa, na jambo lililomsumbua asubuhi nzima humalizika kwa maneno mawili. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alikwisha kuonesha, tangu miaka ya 1970, kwamba wahandisi huzungumza kidogo zaidi kadiri meza zao zinavyoachana.

Hata hivyo, watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walipofuatilia kampuni mbili zilizohamia kumbi za wazi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliona mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70. Aliyeanikwa mbele ya kila mtu huvaa hedifoni na kujifungia humo. Nao Tom DeMarco na Timothy Lister, washauri wa miradi ya programu waliowapima waandishi wa programu kati ya 1984 na 1986, walikuta asilimia 76 ya walioshika mkia wakilalamika kukatizwa kazi bila sababu, ilhali miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi walikuwa asilimia 38. Nakubali kwamba takwimu hizo hazithibitishi chanzo, kwa kuwa huenda kampuni nzuri ndizo zinazopata watu hodari na ndizo zinazowapa utulivu. Lakini yeyote aliyewahi kufuatilia hitilafu, akiwa amebeba kichwani hatua kumi zinazotegemeana, anajua kwamba neno "samahani kidogo" linatosha kuzimwaga zote.

Kwetu kuna joto pia. Wakati wa kaskazi, umeme ukikatika katika jengo la vioo, kiyoyozi hunyamaza, jenereta huanza kunguruma chini ya dirisha, na viganja huacha unyevu juu ya kibodi. Nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe na chokaa, huchelewa kupata joto na huzuia kelele za njia. Lakini vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na timu ya watu kumi haienei humo.

Mimi naegemea upande wa utulivu, bila kuwanyima wanagenzi walimu wao. Nyumba zetu zimetenga kwa muda mrefu baraza ya maongezi na vyumba vya ndani, na anayetaka kuingia hupiga hodi na kusubiri ajibiwe. Katika ukumbi wa wazi hakuna mlango wa kupigia hodi, kwa hiyo ofisi inayoupenda ukumbi huo haina budi kutenga angalau vyumba viwili vinavyofungwa, na saa za asubuhi ambazo hakuna anayemwendea mwenzake mezani.