Mtoto ana iPhone, mama ana Tecno: hiyo kufuli anaifungaje?

Ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi siku shule ilipofunga. Picha ya mtoto wa Kizungu anatabasamu na simu, chini yake maandishi: "Wazazi, likizo hii washeni udhibiti wa wazazi kwenye simu za watoto. Ni bure, ni dakika tano tu." Wakamiminika watu na amina zao, asante mwalimu, ubarikiwe mwalimu. Mzee mmoja akauliza tuisheni inaanza lini.

Dakika tano! Aliyeandika vile ama hana mtoto, ama nyumba nzima kwao wanatumia simu za kampuni moja, kitu ambacho mimi hapa Dodoma sijakiona bado. Nyumba zetu baba ana Samsung, mama ana Tecno, bibi kule Chamwino ana kiswaswadu chake kinachokaa na chaji wiki, na mtoto anatumia ile iliyobaki, au aliyoletewa na mjomba.

Na mjomba ndiye aliyeniudhi zaidi ya mwalimu. Dada yangu anakaa Nkuhungu na ofisi yake iko Mtumba, Mji wa Serikali. Anayeijua hiyo safari anajua ni mwisho wa mji hadi mwisho wa mji. Anatoka kukiwa giza, anarudi kukiwa giza. Mwanawe wa darasa la sita anashinda na dada wa kazi. Sasa kaka yetu kashuka na SGR kutoka Dar, mkononi kabeba iPhone X iliyokwishatumika, eti zawadi ya mpwa. Simu imekuja na Apple ID, yaani akaunti ya Apple, iliyofunguliwa na kijana wa dukani, kwa tarehe ya kuzaliwa anayoijua yeye na Mungu wake. Kwa hiyo mbele ya Apple, mpwa wangu wa miaka 12 ni mtu mzima mwenye haki zake zote.

Tukakaa sebuleni kuifunga. Apple wana Screen Time, udhibiti wao wa wazazi, tangu 2018, ilipotoka iOS 12, mfumo wa iPhone wa mwaka ule, na sitaki kuwasifia ila chombo chenyewe kinafanya kazi: unapanga saa za kulala, unaiwekea programu kikomo, unazuia tovuti za watu wazima, unamalizia kwa namba ya siri ya tarakimu nne. Yote hayo unayafanya ukiwa umeishika simu ya mtoto. Ukitaka kuyafanya ukiwa mbali, lazima na wewe mzazi uwe na kifaa cha Apple, mmeunganishwa kwenye familia moja ya Apple. Dada ana Tecno. Basi, mlango umefungwa.

Mnaosema "si aweke tu hiyo namba ya siri yaishe", subirini niwaeleze ilivyokwenda. Mtoto kapiga simu saa nane mchana, mama yuko kwenye kikao: "Mama, mwalimu katuma kazi ya likizo WhatsApp, simu imejifunga." Mama angekuwa na iPhone, ombi lingemfikia mkononi, akabonyeza kuruhusu, akaendelea na kikao chake. Kwa kuwa ana Tecno, afanyeje? Akamtajia namba. Kwa kunong'ona, mbele ya mkurugenzi, tarakimu moja baada ya nyingine. Na tangu dakika ile kufuli ni ya mtoto, si ya mama. Hata asingetajiwa, nenosiri la ile Apple ID ya dukani limeandikwa nyuma ya boksi, na mwenye nenosiri hilo anaweza kubonyeza "nimesahau" na kuweka namba mpya ya Screen Time.

Sasa tazameni upande wa pili. Google wana Family Link, udhibiti wao wa wazazi, tangu 2017. Mtoto akiwa na Android yenye akaunti yake ya mtoto, mzazi anaweza kushika Android au iPhone, yote sawa. Anamwongezea muda akiwa Mtumba, anaifunga simu akiwa kwenye daladala. Bando la mtoto likiisha, maagizo mapya hayafiki, hilo ni kweli na kwetu bando huisha. Ila upo msimbo wa mzazi unaofanya kazi hata bila intaneti. Lakini mpe mtoto huyohuyo iPhone, na Family Link haiwezi kumfungia simu. Na kwa Apple, mama mwenye Android hayumo kabisa kwenye hesabu.

Wasiniambie ni ugumu wa kiufundi. TikTok, hawa tunaowalaani kila Jumapili kanisani, tangu 2020 wana kipengele cha kuunganisha akaunti ya mzazi na ya kijana, na hakiulizi nani ana simu gani. Kampuni ya video za kucheza imeweza. Kampuni inayojisifu kwa kulinda familia inataka kwanza familia nzima inunue bidhaa zake. Hiyo ni biashara, waiite biashara.

Najua mtakalosema. "Mtoto asipewe simu." Shule yenyewe inatuma kazi WhatsApp, mwambieni mwalimu kwanza. "Watapita kwa VPN, zile programu za kukwepa vizuizi vya mtandao." Watapita, na wamejifunza kwetu, maana tangu mtandao wa X, zamani Twitter, uzimwe nchini Mei 2025 watu wazima hatuna mchezo mwingine. "Malezi si simu." Sawa, haya, sibishi, lakini mzazi anayelea kwa maneno jioni anahitaji pia kitasa mchana.

Na wale mnaomwachia mtoto simu yenu wenyewe, ambao ndio wengi, Family Link si yenu: akaunti ni yako na umri ni wako. Kwenye Android nyingi, ndani ya mipangilio ya usalama, kuna sehemu ya kuifungia simu kwenye programu moja hadi uweke namba yako. Kwenye iPhone inaitwa Guided Access. Mwekee katuni yake, ifunge hapo, kapike.

Dada nimemwambia auze hiyo iPhone. Pale soko la Sabasaba mnunuzi hakosekani, na kwa pesa hiyo anapata Android mpya yenye risiti, tunafungua akaunti ya mtoto kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, mchezo kwisha. Mpwa kanuna, hanisalimii. Kaka naye kapiga simu kutoka Dar kuuliza kwa nini zawadi yake inauzwa. Nimemjibu anunue iPhone ya pili, ampe mama mtu, tutaghairi kuuza. Mpaka leo hajapiga tena.