Deni Letu kwa Simbilisi

Aliyewahi kumshika ndama mwenye chambavu, ugonjwa wa bakteria unaoua ng'ombe wachanga ghafla, hamsahau. Jioni amerudi zizini na wenzake, kanona kuliko wote; asubuhi anachechemea. Paja limevimba, na ukilibonyeza linalia chini ya ngozi kama majani makavu yanayokanyagwa. Nyumbani walitufia wawili hivyo, wote wa mwaka mmoja na kitu, wote wale tuliokuwa tukiwaonyesha wageni. Chambavu haina haja na aliyekonda.

Chanjo yake ipo, tena ya siku nyingi. Ila kabla haijamfikia ng'ombe, wapo wadogo waliotangulia. Kwa kanuni za Ulaya, kwa mfano, simbilisi (wale wanyama wadogo wa jamii ya panya, wasio na mkia) wasiopungua 10 huchanjwa mara 2, kwa kupishana siku 28. Wiki 2 baadaye hudungwa vijidudu vya chambavu vyenyewe, pamoja na wenzao 5 ambao hawakuchanjwa. Hao 5 wote wanatakiwa wafe ndani ya saa 48. Wasipokufa, jaribio halihesabiki, kwa kuwa hakuna anayejua kama vile vijidudu vilikuwa na makali.

Nimefuga simbilisi utotoni. Ukiingia tu na majani mkononi, wanapiga mluzi wote kwa pamoja. Kwa hiyo siandiki haya kwa wepesi. Hata hivyo naukubali mtihani huo pale ambapo hakuna kipimo cha damu cha kuaminika cha kushika nafasi yake, kwa sababu simbilisi anaugua chambavu kweli kama ng'ombe. Si kila ugonjwa uko hivyo. Vijidudu vya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, havimshiki panya wala simbilisi, na chanjo yake sharti ijaribiwe kwa ng'ombe wenyewe. (Hata hapo sungura hakosi zamu: kupe ambao vijidudu vilivyomo mwilini mwao hutengenezewa ile chanjo iliyoanzia Muguga, Kenya, hulishwa kwenye masikio yake.)

Kinachoniuma ni yanayofuata baada ya maabara. Chanjo ya chambavu inataka itunzwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, na isigande. Mnadani nimeona chupa zake zimepangwa juu ya turubai saa saba mchana, kando ya dawa za minyoo na kamba za katani. Nikamuuliza muuzaji barafu iko wapi. Akanijibu, "Mzee, zimetoka kwenye friji leo leo." Wengine huitia kwenye friza ikawa jiwe, wakidhani baridi ikizidi ndiyo usalama. Mfugaji anachanja, ndama anakufa, kisha kijiji kizima kinasema chanjo ni uongo. Na wale simbilisi waliokufa kuthibitisha kwamba inakinga, wamekufa bure kabisa.

Ndugu mfugaji, kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akufungulie boksi la barafu. Ishike chupa mwenyewe. Ikiwa ya moto, au imeganda, mrudishie.