GNU/Linux au Linux tu? Jina linategemea nani atalisoma

Fundi wa laptopu Kariakoo akikuuliza, "Nikuwekee Windows au Linux?" ameshaeleweka. Ila zabuni ya seva au mwongozo wa kufunga programu ukiishia kwenye "Linux", mtu wa upande wa pili atabaki kubahatisha.

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi huru, mwaka 1983, na kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu), sheli (inayopokea amri unazoandika) na amri zake nyingi zilikuwapo kabla Linus Torvalds hajatoa Linux, kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza mashine, mwaka 1991. Ndiyo sababu wapo wanaoshikilia "GNU/Linux", ili jasho la GNU lisifutike. Wapinzani wao wanauliza: mbona systemd, Mesa na KDE, programu nyingine ambazo mifumo mingi ya Linux huzitumia, hazitajwi? Tena Ubuntu 25.10, moja ya mifumo hiyo, imeweka amri nyingi za msingi zilizoandikwa kwa lugha ya Rust badala ya zile za GNU. Hapo wana haki; jina likiwa la kugawa shukrani, halitakwisha.

Hoja ya kiufundi ndiyo inayonishawishi. Chukua programu iliyokompailiwa kwenye Debian, uipeleke kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa yanayotumia kerneli ya mashine mwenyeji) la Alpine, mfumo mwingine wa Linux, juu ya mashine ileile. Kerneli ni moja. Ukiiendesha, sheli inakujibu kwamba faili halipo, na ukipiga ls unaliona. Kinachokosekana ni kipakizi chake, kijiprogramu kinachoiwasha pamoja na maktaba zake, /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, ambacho huja na glibc, maktaba ya C ya GNU, yaani msimbo wa msingi ambao programu nyingi huutegemea. Alpine inatumia musl, maktaba nyingine ya C, na kipakizi chake ni /lib/ld-musl-x86_64.so.1. Wengi hukimbilia chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, wakidhani ni suala la ruhusa. Piga readelf -l ukifuatisha jina la programu, na kipakizi inachokitaka utakiona kwenye mstari wa "interpreter". Android nayo ina kerneli ya Linux na maktaba yake nyingine kabisa, Bionic. Abiria wote wa daladala ya Mbagala wameishika mkononi na hakuna anayeiita Linux.

Debian ilionyesha upande wa pili, yaani GNU juu ya kerneli isiyo Linux. Ilitoa GNU/kFreeBSD pamoja na toleo la 6 mwaka 2011, kwa majaribio, na kazi hiyo ikasitishwa 2023; GNU/Hurd, inayotumia kerneli ya GNU yenyewe, bado ipo. Ile k inasimama kwa kerneli: FreeBSD ni mfumo kamili wenye maktaba yake ya C, na hapa ilichukuliwa kerneli peke yake, juu yake ikakaa glibc. Msimbo mwingi ulikompailiwa upya bila taabu. Uliokwama ni ule unaotegemea vitu vya kerneli ya Linux kama epoll, njia ya programu kusubiri matukio mengi kwa pamoja, kwa sababu FreeBSD ina njia yake tofauti, kqueue. Jina linalotaja pande zote mbili lilikuwa linakuonya mapema wapi kutavunjika.

Kwa hiyo mtaani sema Linux, hakuna ubaya. Kwenye zabuni andika GNU/Linux, aina ya prosesa, na toleo la glibc, mathalani 2.31 kwenda juu. Hilo la mwisho usiliache: programu iliyokompailiwa kwenye Debian 12, yenye glibc 2.36, inaweza kukataa kuwaka kwenye Debian 11 yenye 2.31, na zote mbili ni GNU/Linux.