Niacheni na tui langu la kopo

Nilipiga picha ya muhogo wa nazi nikaituma kwenye kundi la ukoo. Sahani ilinivutia mwenyewe: muhogo umelainika, ng'onda, samaki wa kukaushwa, juu yake, pilipili mbuzi pembeni. Hakuna aliyeutazama muhogo. Wote waliliona kopo nililolisahau nyuma ya sahani. Sijamaliza kula, sauti zimeshajazana. Wifi yangu wa Wete anacheka mpaka anakohoa, ami anauliza kama huku tumeshasahau nazi ina sura gani, na mtoto mmoja wa juzi, ambaye sijui kama amewahi hata kuikalia mbuzi ya kukunia nazi, kaandika: "Tui la kopo si tui."

Muhogo wenyewe ulikuwa wa barafu, umemenywa na kukatwa nchi nyingine, ukatiwa mfukoni. Huo haukumuudhi mtu.

Basi ngoja niseme. Nazi huku Leicester, Uingereza, zipo. Zimepangwa dukani karibu na mananasi, zimenyofolewa makumbi mpaka zinang'aa. Unaitikisa, maji yanacheza ndani, unatoa pauni moja na ushei. Ukifika nyumbani ukaipasua, harufu inakuambia kwamba safari yake ilianza zamani sana. Nyama imebadilika rangi, maji yamechacha. Unarudi wiki nyingine, unajaribu duka jingine, mambo yale yale. Wazee walisema nazi mbovu harabu ya nzima, lakini miye hata hiyo nzima ya kuharibiwa sikuwa nayo.

Kwa hiyo kopo. Na kopo nalo lina elimu yake, msidhani nabeba lolote. Ubavuni limeandikwa nazi ni asilimia ngapi. Mengine nazi ni kama nusu tu, iliyobaki maji na vitu vya kulishikisha tui lisijitenge. Yale yanayoitwa mepesi ndiyo msiba kabisa, maji yaliyokorogewa chokaa. Mimi natafuta lenye nazi nyingi na lisilo na cha kulishikisha, naliweka kabatini wala silitikisi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwetu huyaoni yakiganda ila pengine asubuhi za kipupwe, lakini jikoni kwangu mwezi wa Januari hiyo ndiyo hali ya kila siku. Ukilifungua, juu limekaa zito jeupe la kuchota kwa kijiko, chini maji maji. La juu nalitenga, la chini naongeza maji ya moto kidogo. Hapo nina tui la kwanza na tui la pili, na sijashika kifumbu cha kukamulia.

Na hapa ndipo wanaonicheka hawakijui wanachokitetea. Mapishi yetu hayakujengwa juu ya "nazi mbichi" tu, yamejengwa juu ya matui mawili. Muhogo unachemka kwenye tui la pili mpaka uive, ndipo unatia kasimile, lile tui zito la kwanza, na hapo huondoki jikoni: unakoroga kwa upawa, unachota na kumimina, moto mdogo, mpaka litokote bila kukatika. Likikatika, mama anajua kabla hajaonja. Anayemimina kopo zima tangu mwanzo, akafunika, akaenda kutazama simu, huyo ndiye mumseme. Nimeonja chakula cha namna hiyo huku kwenye harusi za watu wetu, na nimekionja Unguja vile vile, kimepikwa kwa nazi iliyokunwa asubuhi ile ile.

"Lakini ladha!" Ndiyo, ladha. Sibishi. Hakuna kopo duniani linalonukia kama nazi inayokunwa, na mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa hilo na mtu aliyelijua juzi. Ila tuulizane: nani alikuwa anaikuna? Mwezi wa Ramadhani nyumbani kwetu muhogo ulitaka nazi, ndizi mbivu zilitaka nazi, maharage yalitaka nazi, samaki naye. Watoto wa kike tulikuwa juu ya mbuzi tangu baada ya adhuhuri, funga inauma, vidole vinakwanguka, machicha yanarudiwa kukamuliwa mara ya tatu maana wageni wameongezeka. Ami zangu, Mungu awape umri, walikuwa barazani wakisubiri mzinga wa kufuturu. Leo hao hao ndio mafundi wa kusifia tui la kukuna. Siku hizi mnalo blenda, na raha yake naikubali, mpaka umeme ukatike. Waliokuwepo Unguja kwenye kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka mbuzi zilivyotolewa tena uvunguni.

Najua mtasema: kaenda Ulaya, sasa anatuona washamba. Sivyo, jamani. Ningekuwa najisikia nisingepika muhogo, ningewatumia picha ya pasta. Kinachoniudhi ni hii hukumu kwamba kibichi ndicho chetu na kikavu au cha pakiti ndicho cha Wazungu. Tangu lini? Karafuu iliyotujengea nyumba Pemba, kuna anayeitia mbichi kwenye pilau? Tunaichuma, tunaichambua na makonyo yake, tunaianika siku kadhaa juani kwenye majamvi, na wingu likitokea mbio nyumba nzima. Bila lile jua hakuna karafuu. Pilipili manga ni kavu. Papa ni mkavu, na akipikwa kwa nazi, jirani anakumbuka ghafla ana jambo la kukuuliza. Ng'onda, dagaa, kungumanga, hizo zote ni akili za watu waliojua kuwa kitu kikikaushwa vizuri kinakuwa kitu kingine, hakiwi maiti ya kile cha kwanza.

Halafu niangalie jikoni kwenu, maana likizo nakuja na macho ninayo. Tungule, yaani nyanya, zimejaa sokoni Mwanakwerekwe, zinapondeka kwenye matenga, na mchuzi unatiwa tungule ya kopo "ukolee rangi". Vidonge vya supu vinatiwa kwenye supu ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, mwenye mifupa ya kutosha. Kuku wa barafu anashushwa na makontena bandarini Malindi, na wa kienyeji anapigiwa kelele asichafue ua. Wala si kwa shida tu. Mgeni akija, cha pakiti ndicho kinachotangulizwa, ndicho heshima. Huku nilipo ni kinyume: tajiri ndiye anayenunua cha shambani chenye udongo, maskini anakula cha kopo. Nikijikuta katikati ya hesabu hizi mbili sijui nicheke au nigombe.

Liko na hili la nazi zenyewe, ambalo linanichoma zaidi ya kicheko cha wifi. Bei ya nazi sokoni Darajani mnaijua kuliko mimi. Minazi imezeeka, mingine imekatwa kwa mbao, mingine kwa kiwanja, na anayepanda ni mmoja mmoja. Likizo iliyopita niliona dukani pakiti za tui la unga kutoka Asia, Zanzibar hapo hapo, na wanunuzi wapo. Sikuwasema, maana nafahamu kwa nini mtu ananunua. Ila msitoke hapo mkaja kunisuta miye.

Siku nikipata nafasi nakwenda Belgrave Road, kwenye duka la mzee wa Kihindi aliyeondoka Kampala mwaka 1972, wakati wa Idi Amin. Kiswahili chake cha huko huko, lakini kinatosha: "Mama, nazi ya kukuna iko kwa friza." Ni nazi ya Kerala, imekunwa na kugandishwa, na hiyo ukiimwagia maji ya moto ukaikamua kwa kitambaa, wali unasimama. Binti yangu namkamulisha hiyo ajue kazi ya mikono. Siku za kazi, kopo, na sitaomba radhi kwa mtu.

Samaki wa kupaka ndiye siwezi. Yule anataka kasimile la nguvu, kitunguu thomu, ndimu na makaa, tena makaa ya kweli, unampaka na kumgeuza mpaka tui likaukie ngozini. Ghorofani kwangu moshi kidogo tu king'ora kinalia na jirani wa juu anagonga mlango. Huyo simpiki huku.