Kila mechi ya hoki lazima tukumbushwe enzi zao

Jamani hivi mtu hawezi kuangalia hoki ya barafuni kwa amani bila mzee mmoja kuanza "enzi zetu kulikuwa na wanaume"? Mchezaji akianguka tu basi, tunaletewa Dave Schultz wa Philadelphia, dakika 472 za adhabu msimu mmoja wa 1974-75, yaani mtu kakaa kwenye kiboksi cha wanaoadhibiwa kwa rafu karibu masaa nane halafu ndo shujaa?? Ukinyamaza anakuja Tiger Williams na dakika zake za adhabu karibu 4,000 maisha yote ya uchezaji. Tumesikia babu! Mara Bob Baun kafunga goli mguu umevunjika, fainali ya 1964 (hiyo sawa nakubali, mimi nikigonga kidole kwenye kitanda naomba ruhusa kazini). Na helmeti je? Craig MacTavish kacheza kichwa wazi mpaka 1997, sasa hapo tunasifia nini, kichwa au bahati? Nani mwingine sebuleni kwake kuna mzee wa hivi? Maana wangu mechi imeisha, watu tunasinzia, yeye ndo kwanza anafungua stori ya Gordie Howe aliyecheza mpaka miaka 52, na chai hajamaliza.